Kamba ya Tabu

Tangu nirudi Kasulu na stashahada yangu ya mifugo, niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, hupanda kilima na mbwa wangu akiwa kwenye mnyororo. Juzi nilimwona kijana akimwachia wake karibu na mbuzi. Sikutulia siku nzima.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni kijijini Titye, harufu ya nyasi zilizoungua, na mbwa wetu Tabu akikimbia mbele yangu na mjomba. Mbuzi waliposikika, mjomba akamfunga kamba. Tabu akavuta, akalia. Nami nikalia.

"Mjomba, amekosa nini?"

"Hajakosa. Namfunga kabla hajakosa. Nyamaza, nisije nikakufunga naye!"

Mwenye mbuzi, mama mmoja mrefu, akatokeza njiani na panga mkononi.

"Jana mbwa wameniulia mbuzi, bwana. Huyo je?"

"Nimemshika, mama."

Mjomba aliizungusha kamba tena kiganjani. Tukapita polepole, Tabu akitetemeka katikati yetu. Leo najua panga lile lilikuwa linamsubiri nani. Siku ile nilimwamkia kwa furaha, "Mama, mwidiwe!", nikidhani ametoka kukata nyasi.