Ukuta Ulionyooka Mahali Pasipo Pake

Walimwita Timazi, kwa sababu miaka ishirini fundi yule hakuwahi kuacha ukuta ulioinama. Kila baada ya safu mbili za tofali alishusha timazi, uzi wenye kipande cha chuma nchani, akafumba jicho moja, akangoja chuma kitulie. "Uzi haujui kubembeleza mtu," alisema.

Jumatano, kwenye darasa la maandiko, mzee wa kanisa alimpa asome maono ya nabii mchunga kondoo: Mungu amesimama kando ya ukuta, timazi mkononi, akiwapima watu wake.

"Leo nabii kaja kwako, fundi!" mzee akamtania, darasa zima likacheka.

Mzee huyo ndiye fundi aliyekuwa akimjengea ukuta wa kiwanja. Ukiisha, mzee alikuwa amemwahidi kujenga ghorofa: kazi ya miaka miwili.

Kesho yake jirani wa mzee, mama mjane aliyefua nguo za watu, akaja na beseni kiunoni.

"Fundi, ukuta umenyooka jamani!"

"Asante, mama."

"Sasa, mwanangu, nguo nitaanika wapi? Nguzo yangu ya kamba umeifungia huko kwa mzee."

Fundi alicheka, kisha akakumbuka. Siku ya msingi alivuta kamba kuanzia kigingi alichokikuta. Hakuuliza nani alikipigilia. Akachukua koleo, akafukua lundo la mchanga wa ujenzi. Jiwe la mpaka lilikuwa chini yake, hatua tatu nyuma ya ukuta, upande wa mzee: ukuta ulikuwa umeingia kwa mjane.

Akamfuata mzee.

"Nalijua hilo jiwe," mzee alisema. "Marehemu mumewe alimwachia karatasi gani? Wewe jenga. Ukuta si umenyooka?"

"Umenyooka."

"Basi timazi imeshasema."

Hapo yale maono yakamgeukia fundi. Tangu Jumatano alidhani Mungu alikuja kukagua ufundi. Kumbe nabii aliwafokea watu wenye majumba ya mawe ya kuchonga na nyimbo tamu za ibada, wakati maskini ananyimwa haki yake langoni pa mji, kwenye baraza la hukumu. Majumba yale yalinyooka vizuri tu.

"Timazi inapima ukuta, mzee. Ulikosimama nilipaswa kupima mimi, na sikupima. Nitaubomoa."

"Ukigusa tofali moja, ghorofa sahau."

"Nimekusikia, mzee."

Nyumbani mkewe alimtazama mara moja tu. "Ghorofa imekwenda?"

"Imekwenda."

"Haya. Nawa, ule."

Asubuhi alianza na safu ya juu, kwa nyundo na patasi. Tofali hazikutoka kirahisi. Saruji aliichanganya mwenyewe, na aliichanganya idumu. Hadi saa nne alikuwa ameng'oa kumi na moja, na viganja vinawaka moto.

Mama mjane akamletea maji. "Pole na kazi, mwanangu. Bado sana?"

"Nivumilie, mama," alisema Timazi. "Niliujenga vizuri mno."