Nyuzi Nne Zisizotulia

Alhamisi mchana nilimaliza kufunga nyuzi mpya kwenye ukulele yangu, gitaa dogo la nyuzi nne, nikazunguka ua mara mbili mbio, bila sababu. Sol, do, mi, la: zote nne zililia safi, na kipimo cha sauti kwenye simu kilionyesha kijani. Nikaenda bombani kunywa maji. Niliporudi, zote zilikuwa zimeshuka sauti.

Ukulele hiyo niliipata mpakani Kasumbalesa nilipokuwa nikipakua malori. Dereva mmoja alinipa, akachukua buti zangu. Niliacha shule katika darasa la sita, na tangu hapo sijamaliza mwaka mzima kwenye kazi moja. Lakini kinanda kile kidogo kilinishika. Nilitaka kujua kila kitu chake.

Jumamosi mdogo wangu wa kike alikuwa anafunga ndoa kanisani, mtaani Katuba. Marehemu baba yetu alikuwa mtu wa reli, na kila jioni tulijua amefika kona kwa mluzi wake, wimbo uleule mfupi. Mdogo wangu alitaka kuingia kanisani na wimbo huo, na ni mimi tu niliyeweza kuupiga kwa nyuzi. Ila aliweka sharti: kama mpaka Ijumaa jioni nyuzi bado zinashuka, ataingia na ngoma za kwaya.

Nilikaza skrubu za funguo zinazokaza nyuzi. Nikahamisha ukulele kivulini. Na kila nilipomaliza kupiga, nilizilegeza nyuzi zipumzike, kama baba alivyofanya na banjo yake aliyoiunda mwenyewe. Ijumaa saa tisa, zilishuka tena.

Bibi harusi alikuwa amekaa chini, kichwa katikati ya magoti ya shangazi yetu, anashonewa nywele.

"Weye mwenyewe haubakiake fasi moja, leo huku, kesho kule," alisema bila kuweza kugeuka. "Kinanda yako ndiyo itabakia?"

"Mutoto, tulia, nitakuchoma na sindano," shangazi alimwambia. Kisha akanitazama nikizungusha funguo. "Na weye, unazilegeza juu ya nini?"

"Papa alikuwa anafanya vile, tantine."

"Papa yako alikuwa anaweka waya ya frein ya kinga, chuma ya baiskeli! Angeikaza siku yote, mti ungepinda. Hii ni nilo, nailoni kama uzi yangu. Angalia."

Alikata kipande cha uzi wake wa kushonea, akauzungusha kwenye ngumi mbili, akauvuta mara tatu kwa nguvu ndipo akautia kwenye sindano. Nilikuwa nikimwona akifanya hivyo tangu utoto wangu, wala sikuwahi kuuliza kwa nini.

"Nikishona bila kuvuta, kesho nywele zote zinalegea. Vuta mpaka ichoke. Na usilegeze tena!"

Niliingiza kidole chini ya kila uzi, nikauinua taratibu, nikaupandisha tena mpaka sauti yake, nikauinua tena. Mwanzoni ulishuka sana, halafu kidogo, halafu kidogo zaidi. Jua lilipokuwa linazama, nilikwenda bombani, nikanywa polepole kwa makusudi, nikarudi. Kijani. Kijani. Kijani. Uzi wa la peke yake ulikuwa umeshuka unywele mmoja.

"Tantine, usimupe mayele na akili mingi," mdogo wangu alisema, "atahama nayo." Lakini hakutaja ngoma tena.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, mdogo wangu alitoa mkono wenye glavu nje ya dirisha la gari na kugusa nyuzi mwenyewe, moja moja.

"Bon," alisema. "Tuingie."

Katikati ya wimbo nilisikia uzi wa la ukianza kuteleza. Nikausukuma uzi pembeni kwa kidole, sauti ikapanda mahali pake. Shangazi peke yake ndiye aliyenitazama. Kisha, hatua tatu nyuma yangu, chini ya shela, bibi harusi akaanza kupiga mluzi uleule.