Gitare Mpya za Patron Bosco

Siku ya kwanza ya kazi, Papa Anaclet hakunipa nyundo wala randa. Alinipa kioo. Kioo kidogo cha duara, kama kile mwanamke anachotia katika sakoshi yake, Papa alikuwa amekifunga kwenye kijiti kwa waya wa shaba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha katika la tano primaire, na nilikuwa nimetoka Kambove, ambako shimo la madini lilimfunika kaka yangu. Mama akasema: mashimo imetosha, nenda Lubumbashi ujifunze mbao.

Menuiserie ya Papa Anaclet, karakana yake ya mbao, ilikuwa Kamalondo. Alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, fundi wa viti na masanduku ya maiti, lakini wapiga muziki walimjua kwa jambo lingine: gitare yao ikivunjika, walimletea yeye.

"Ingiza kioo mu kitundu," akaniambia, akinisogezea gitare moja. "Unaona nini?"

"Mbao, Papa."

"Mbao! Siku utaoa, batakuuliza bibi yako iko namna gani, utajibu 'iko mutu'? Angalia tena."

Nikaangalia tena. Nikaona vijiti vyembamba vilivyogandishwa chini ya uso wa gitare, vile vinavyoushikilia usibonyee. Kimoja kilikuwa kimeachia. Papa Anaclet akagonga pale kwa kifundo cha kidole, na ile gitare ikajibu kama jino linalotaka kung'oka.

Nilikaa kwake miaka sita. Nilijifunza kushika gitare kama bunduki na kuangalia shingo yake kwa jicho moja, nione kama imepinda. Kutazama vyuma vya shingoni, kama nyuzi zimevichimba mifereji. Kuzungusha funguo za kukazia nyuzi moja moja. Na kunusa kitundu. Ndiyo, kunusa. Gitare ya zamani inanuka vumbi na moshi wa bar. Ikinuka verni mbichi, rangi ya kung'arisha mbao, uliza kwa nini.

Watu wananiuliza mpaka leo: mpya au occasion, iliyokwisha kutumiwa? Nawajibu hivi. Mpya inatoka ng'ambo ndani ya kontena, mbao yake haijaujua mji wetu. Mwezi wa sita na wa saba, hewa yetu ya baridi na ukavu inanyonya ile mbao, uso unapasuka, shingo inapinda, na wewe bado hujajifunza wimbo wa pili. Occasion imekwisha kupita ukavu wetu mara nyingi. Kilichotaka kupasuka kimepasuka, unakiona kwa macho. Lakini imepita pia katika mikono ya watu: imeanguka, imekaliwa na mlevi, imetiwa nyuzi za chuma wakati ilitengenezwa kwa nyuzi laini. Kama una mtu mwenye macho, nunua occasion. Kama huna, nunua mpya, lakini hakikisha ni mpya kweli. Hapo ndipo Patron Bosco alipowadanganya watu.

Papa Anaclet alipozeeka na kufunga, nilienda kwa Patron Bosco, mwenye magasin, duka la vyombo vya muziki, katikati ya mji. Mbele kulikuwa na vioo vikubwa na gitare zinang'aa ukutani. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja, dirisha lenye vyuma, mlango wa bati.

"Kwa muzee wako mulikuwa munatengeneza," Patron aliniambia siku ya kwanza. "Hapa hatutengeneze. Hapa tunazaa mara ya pili."

Kuzaa mara ya pili kulikuwa hivi. Gitare zilizovunjika zilitoka Zambia kupitia Kipushi, zimefungwa kama kuni. Sisi tuliziparua, tukagandisha shingo, tukajaza nyufa kwa unga wa mbao na gundi, tukapuliza verni, tukatia nyuzi mpya, tukazifunga katika plastiki na katoni. Zinatoka mbele: mpya kutoka Ulaya. Mlango wetu Patron aliufunga kwa nje, kila asubuhi, mteja asije akapotea njia akatuona.

Sitajificha. Mimi pia nilizifanya, na nilizifanya vizuri. Jina langu nalitia katika orodha ya wakosaji, chini ya la Patron.

Chef wa atelier, karakana yetu ya nyuma, alikuwa Fidèle, mtu wa Manono, mkubwa kwangu kwa miaka mitano, mwimbaji wa kwaya parokiani. Ni yeye aliyenifungua macho juu ya mediatori, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi. Patron aliweka bakuli la mediatori pale mbele, nyembamba zote, laini kama kucha ya mtoto, za rangi tamu. Mteja akitaka kujaribu gitare, Patron anamchagulia moja: "Shika, mama, hii njo ya ba artistes."

"Unajua juu ya nini anabapatia ile ya laini?" Fidèle aliniuliza.

"Inalia tamu."

"Petit, inadanganya tamu. Haina nguvu ya kupiga nyuzi. Shingo ikiwa mubaya, nyuzi itagonga vyuma, itafanya zzzz. Na ile ya laini, hautasikia kitu. Piga na hii."

Akanipa yake, nene, aliyoikata katika kitana cha zamani na kuisugua ukingo wake kwenye jinzi mpaka ikateleza. Nikapiga ile gitare tuliyotoka kuizaa. Zzzz.

Basi wewe unayesoma, sikia. Nyembamba ni ya kupiga nyuzi zote pamoja, kusindikiza kwaya. Nene ni ya kupiga nyuzi moja moja, solo. Ya ncha kali inauma sauti, ya ncha ya duara inailainisha. Zile watu wanakata katika karta za kununulia unité ya simu zinalika haraka, hazifai. Lakini siku ya kununua gitare, hata kama wewe ni wa kwaya, njoo na nene yako mfukoni, na ya muuzaji mrudishie.

Fidèle alikuwa na kazi yake ya siri. Kabla ya kufunga kila gitare, aliingiza kalamu ya karpenta ndani ya kitundu na kuandika chini ya uso, karibu na shingo, mahali jicho halifiki. Aliandika herufi kwa kuzigeuza, kama zile za muhuri, ili kioo kizinyooshe.

Nilimcheka. "Chef, uko naandikia nani? Panya?"

"Naandikia mutu mwenye kioo," akasema. "Patron atasema gitare mupya. Acha aseme. Gitare nayo itasema yake."

Ilikuwa mwezi wa saba. Baridi ile ya kwetu, verni haikauki. Patron akaamuru tuingize mbabula, jiko la makaa, ndani ya chumba kile kile tulichopulizia verni na kuweka diluant ya kuiyeyushia. Fidèle akamwambia, "Patron, diluant inapenda moto." Patron akajibu, "Kwaya ya Kipushi inangojea gitare tatu zingine, haingojee maneno yako." Akafunga mlango, akaweka ufunguo mfukoni, akaondoka na gari.

Hatukuona moto ukianza. Tuliuona umekwisha kujaa. Nilishika bati la mlango kwa mkono wa kulia mpaka ngozi ikabaki pale. Fidèle alinisukuma chini ya dirisha, kwenye hewa, akasimama yeye juu yangu akipiga bati kwa mguu na kuita. Majirani walivunja kufuli kwa nyundo. Mimi nilitoka. Fidèle naye alitolewa, akafa siku ya tatu.

Kwenye kilio, msibani kwake, Patron Bosco alikuja na suti. Akasimama mbele ya mjane, Mama Odile, na mbele ya watu wote akasema kwamba nyuma ya magasin kulikuwa depo tu, hakuna atelier, yeye anauza mpya. Akasema Fidèle aliingia kuiba diluant, na sigara mdomoni. Fidèle, ambaye hakuvuta hata siku moja, kwa sababu ya sauti yake.

Nami nilikuwa wapi? Hospitalini, nimefungwa mkono; haya nilihadithiwa. Na nilipotoka, nilinyamaza. Niliogopa watu wataniuliza: nawe ulikuwa unafanya nini mule ndani? Mama Odile aliitwa mke wa mwizi sokoni Katuba, alikofanya biashara, watoto wake waliitwa hivyo shuleni, na mimi nilikuwa naenda kumsalimia na kuangalia miguu yangu.

Siku moja akaniuliza, "Papa Kalenga, weye ulikuwa mule. Alikuwa mwizi?"

"Hapana, Mama."

"Basi leta kitu. Maneno yako ya peke yake, Patron ataimeza na chai."

Hapo nilikumbuka kalamu ya Fidèle. Nikaweka meza yangu mbele ya nyumba, Katuba, fundi wa gitare. Vidole vyangu vya kulia havikusikia nyuzi tena. Nilipiga kwa mediatori nene niliyoigandishia kipande cha mpira wa baiskeli isinitoroke. Gitare yoyote iliyofika mezani, za waimbaji, za wanafunzi wa Kasapa, za walevi, kabla ya kuuliza inaumwa nini nilitia kioo. Miaka tisa. Mbili nilizipata na alama ya kalamu, lakini maji ya mvua yalikuwa yamefuta, hakuna cha kusoma. Mke wangu alisema nimekuwa daktari wa vitundu. Niliendelea.

Mwaka huu akaja Mama Régine, mkuu wa kwaya kule Kipushi, na gitare ndani ya kitenge.

"Funguo moja inateleza," akasema. "Lakini iko gitare mupya ile, Papa. Tulinunua mupya kabisa kwa Patron Bosco, kabla ya ule moto wake."

Nikatia kioo. Chini ya uso, karibu na shingo, kavu, nyeusi, herufi zimenyooka:

*Si mpya. Shingo ilivunjika. Fidèle, kwa Patron Bosco. Mlango umefungwa inje.*

Nikakaa chini. Mama Régine akachukua kioo, akasoma, akasoma tena. "Umefungwa inje," akasema. "Na batu ndani?" Nikamwambia yote, na sehemu yangu pia. Hakuniachilia. "Weye pia ulitudanganya," akasema, "tutakuongelea na weye. Lakini kwanza tuende kwa ule mama."

Mama Odile alisoma. Kisha akagusa mbao kwa nje, pale maandishi yalipo kwa ndani. "F yake iko na mukia," akasema. "Muirudishe mu kitenge. Kesho iko siku ya posho, batu batalipwa, magasin itajaa."

Tukaingia asubuhi, watu ni wengi. Patron amezeeka, tumbo limekuja mbele. "Mama Odile! Karibu, siku mingi!"

"Patron, soma hii." Akamwekea gitare mezani na kioo juu yake.

"Siko na lunettes, mama."

"Lunettes iko ku kichwa yako."

Watu wakacheka. Patron hakuishusha ile miwani. Basi bwana mmoja aliyekuwa anajaribu gitare pembeni, na mediatori nyembamba ya bakuli mkononi, akaja, akatia kioo, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye maneno ya mlango, aliyarudia bila mtu kumwomba. Mimi nikasema: niko Kalenga, nilikuwa ndani, hakukuwa na mwizi wala sigara, na nikainua mkono wangu ulioungua, wote wauone.

"Tokeni mu magasin yangu!" Patron akapiga meza.

Mama Odile akafunga gitare katika kitenge polepole. "Leo mulango iko wazi?" akamwuliza. "Basi tutatoka."

Nimeacha kazi mwezi uliopita. Kifua changu kimekataa gundi. Kwaya ya Kipushi ilinihukumu kuwatengenezea gitare zote bure, na nimezimaliza. Ndani ya kila moja nimeandika nilichofanya, na jina langu. Sokoni sasa wanamwita Mama Odile kwa jina la mumewe, kwa sauti, hata wasio na cha kununua kwake. Kioo cha Papa Anaclet sinacho tena. Siku ile, tulipokuwa mlangoni, yule bwana alirudisha mediatori ya laini ndani ya bakuli, akaelekeza kidole kwenye gitare aliyokuwa anaijaribu, akaniita:

"Papa, niazime kioo."

Nikamwachia.