Wa juu walituzibia maji ya mfereji, nikaenda na hotuba nzima nikarudi nayo

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu kama mpo, shikamooni, ingawa na mimi chumvi nimekula. Shule niliishia la nne, herufi zikiruka mnivumilie. Ila haya nilikuwepo mwenyewe.

Niko Lushoto, upande wa Mlola. Kabichi zetu zinakunywa mfereji unaopita kwa wenzetu wa juu. Wiki iliyopita wakaziba! Kabichi zikalegea kama masikio ya mbuzi.

(Nina mbuzi mmoja mwizi huyo, basi tu.)

Tukakubaliana twende. Nikachaguliwa msemaji, eti nina mdomo. Njia nzima napanga point, na jirani yangu Shemdoe anachochea: "Mzee, ukianza usishike breki!"

Msimamizi wa mfereji kule juu ni Mama Eliza, mkubwa kwangu. "Shikamoo dada."

"Marahaba. Wa nyumbani? Watoto? Mifugo?" Salamu zetu mnazijua, haziishi. Mwisho akauliza, "Na habari za huku mmezisikia?"

Shemdoe akanifinya niingie na hoja. Wakuu, sijui nini kilinishika. Nikasema, "Hatujasikia, dada. Tuambie."

Akafunguka! Kumbe fuko walitoboa ukingo wa mfereji, maji yakaenda nyumbani kwa mwanawe, ukuta chini, ndipo wakaziba. "Maji tunakunywa wote, pole hakuna aliyeleta. Mfereji umekauka ndiyo mmeijua njia ya kwangu!"

Shemdoe akadakia, "Sasa sisi tungejuaje..." Nikamkanyaga mguu.

"Pole sana, dada," nikasema. Tukavua kofia, tukaenda kwa mwanawe, tukampa pole mmoja mmoja. Ile hotuba sikutoa hata neno! Niliongeza tu, "Kesho tunakuja na majembe."

Tukaja kweli, tukajenga ukingo pamoja na wa juu. Mama Eliza mwenyewe akazibua. Wakuu, maji yakashuka na sisi tunayafukuza, wazee wazima tunakimbia bondeni tunacheka! Shemdoe akateleza akaingia mferejini mzima mzima, akatoka anashangilia.

Nilichojifunza: ukienda kudai, muache mwenzio atoe la moyoni kwanza. Huenda naye anakudai, tena kabla yako.

Haya, nani humu alishawahi kushinda kikao kwa kufunga mdomo? Mwageni. Mimi leo nasoma tu.