Mtoto wa Jicho Aliyekataa Kukomaa

Harufu ya viazi vinavyoivia jivuni hunirudisha Kibirichia, jikoni kwa Nyanya, mama yake baba. Alivitoa kwa vidole, akavipuliza, kisha akapapasa kunitafuta mkono anipe kikubwa. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji, nami niliamini nyanya wote huwa hivyo.

Siku moja madaktari wa macho walikuja kanisani, wakisema watatibu bila malipo. Baba Mdogo Mutwiri ndiye aliyempeleka, kwa kuwa Kiswahili cha Nyanya kilikuwa cha kuuzia viazi tu. Waliporudi alitueleza kwa Kimeru kwamba ni mtoto wa jicho, na hutolewa kwa upasuaji, ila huyu bado hajakomaa. Akitolewa mapema, jicho linaharibika.

Kwa wakulima wa viazi hilo halikuhitaji maelezo. Kiazi kichanga ukikichimba kinachubuka, tena hakikai. Nyanya akakubali kungoja. Kila mavuno alimwita Baba Mdogo aje amkague, naye alikuja, akamgeuza uso kwenye mwanga wa mlango, akafunua kope kwa kidole gumba, taratibu sana.

"Bado, mama," alisema.

Nyanya alicheka, akasema amezaa watoto wengi na hakuna aliyemchelewesha kama huyu wa jicho. Alitaka kitu kimoja tu: kuliona tena shamba lake la chini, alilolifyeka mwenyewe alipokuwa bi arusi. Alituuliza mbaazi zake zimefika wapi, na Baba Mdogo akajibu kabla yetu kwamba zinaendelea vizuri.

Hakuliona. Tulimzika wakati wa mvua kubwa, na mazishini kila mtu alimsifu Mutwiri, mwana aliyemjali mama yake.

Nilikuwa mtu mzima nilipompeleka mama yangu hospitalini kwa ugonjwa huohuo. Nilimweleza daktari habari za Nyanya na weupe ule. Alinitazama kwa mshangao, akasema jicho la namna hiyo lilikuwa limekomaa zamani, lingepasuliwa wiki hiyohiyo. Nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mdogo. Nilitamani aniambie alisikia vibaya, niende zangu nikiwa bado nampenda.

"Walisema nimrudishe Jumatatu," alisema, bila hata kuinuka kitini. "Lakini shamba la chini nilikuwa nimeshaliuza. Angeona, angeuliza zile nyumba alizojenga mnunuzi ni za nani."

Sijamsamehe, na sioni haya kusema. Utotoni nilidhani sote tulikuwa tukingoja jicho likomae. Kumbe yeye alikuwa akingoja mama yake afe. Na kila aliposema bado, Nyanya aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Asante, mwanangu."