Jengo la Kwanza la Mzee Timazi

Ukitaka kufika chumba namba tisa katika shule yetu, pita chumba namba ishirini na mbili, kata kulia kwenye maabara ya kemia, kisha uliza. Namba nane iko ng'ambo ya uwanja, karibu na vyoo vya wavulana. Kidato cha kwanza hupotea wiki nzima. Walimu wageni nao hupotea, ila wao hujifanya wanakagua mazingira. Mimi siku yangu ya kwanza niliishia jikoni, nikamwamkia mpishi kwa heshima zote nikidhani ndiye mwalimu wa taaluma.

Shule ya umma huota kidogo kidogo. Ikija saruji kinaota chumba, wazazi wakichanga matofali kinaota kingine, popote penye nafasi, nacho hupewa namba yoyote iliyo wazi. Leo ina miaka hamsini, wanafunzi elfu moja na mia mbili na majengo kumi na tisa, na hakuna karatasi hata moja inayosema lipi lilitangulia, kwa sababu faili za mwanzo zililiwa na mchwa. Mwanzoni mwa mwaka mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini.

"Unafundisha historia, na kazi yako ni kuuliza uliza," akasema. "Basi tuandikie historia ya shule kwa ajili ya sherehe. Na uniambie jengo la kwanza ni lipi na nani alilijenga, tuweke jiwe la kumbukumbu."

Sikuhitaji kusukumwa. Mama yangu husema nilitoka tumboni nikiuliza ni saa ngapi. Nikaanza na walimu, wakanielekeza kwa makarani, makarani wakanielekeza kwa Mara Mbili.

Mara Mbili ni fundi rangi wa shule, mwaka wa thelathini na moja sasa. Jina alilipata kwa sababu hakubali ukuta umepakwa mpaka upakwe mara mbili, na ugonjwa huo ulimpanda hadi mdomoni. Ukimuuliza kama amekula, atakujibu, "Nimekula. Nimekula." Ovaroli lake lilikuwa na rangi yake ya asili zamani, lakini hakuna aliyebaki wa kushuhudia. Kila Januari huanza kupaka getini, Novemba anamalizia mabwenini, na akigeuka anakuta getini pameshachakaa. Nilimuuliza kama haimchoshi. Akanitazama kama nimemuuliza kama kupumua hakumchoshi.

Alipojua ninachotafuta, alichomoa mfukoni kipande cha msumeno kilichonolewa.

"Njoo uone wakuu wako, Mwalimu."

Akakwangua pembe ya bweni la wasichana, eneo dogo kama kifuniko cha chupa, taratibu, tabaka moja baada ya jingine. Kila mkuu wa shule, akaniambia, akiingia hubadilisha rangi, maana hakuna anayetaka kukaa ndani ya rangi ya mwenzake. Juu kabisa kulikuwa na rangi ya damu ya mzee, ya mama wa sasa. Chini yake kijivu cha yule mkali, kisha kahawia ya yule aliyehamishwa ghafla, kisha saruji tupu. "Wakuu watatu," akasema Mara Mbili. "Bweni hili lilizaliwa wakati wa mzee wa kahawia."

Nilisimama pale kama mtoto aliyeonyeshwa kiini macho. Miaka sita nafundisha wanafunzi kwamba historia huandikwa vitabuni, kumbe ilikuwa inaniegemea mgongoni kila nikisubiri kengele. Wiki mbili nzima, kila nikipata nafasi, tulizunguka. Maabara ilikuwa na wakuu wanne. Ukumbi, watano, na manjano iliyonifanya nimhurumie kila aliyesoma enzi hizo. Nikaanza kuchora ramani yenye umri wa kila jengo, na nikaelewa hatimaye kwa nini namba tisa iko ilipo: ilijengwa mwaka ambao uwanja wa mpira ulikuwa bado shamba la mahindi la shule.

Tulipofika Jengo A, lenye ofisi, Mara Mbili alivua kofia. Alikwangua, akahesabu kwa sauti: damu ya mzee, kijivu, kahawia, manjano, kijani, samawati. Sita.

"Hili ndilo la kwanza. La kwanza," akasema. "Alilijenga baba yangu. Mji mzima walimwita Mzee Timazi. Pitisha timazi, ule uzi wa mafundi wenye uzito nchani, popote kwenye kuta hizi, hutapata hata unywele umepinda."

Hilo nilikuwa nimelisikia. Kila mtu shuleni alikuwa amelisikia kama majigambo ya Fundi, wengine hadi walikuwa wakimwigiza. Marehemu baba yake, aliyefariki miaka ishirini na moja iliyopita, ndiye aliyeanzisha shule hii kwa mikono yake, na sasa jina lake lingechongwa kwenye jiwe mbele ya wageni wa serikali. Mara Mbili alikuwa ameshawaalika dada zake wawili na wajukuu. Shati la siku hiyo lilikuwa limeshanyooshwa, linaning'inia.

"Wakuu wako saba, Fundi," nikasema. "Hapa nimehesabu sita. Yule wa kwanza yuko wapi?"

"Yule hakupaka. Hakupaka."

Labda ningeachia hapo. Lakini nilikuwa nimeona jambo. Katika mizunguko yetu yote, kuna jengo moja alilikwepa kila mara kama anayemkwepa mdai: stoo ya nyuma ya jikoni, tunakotupa madawati mabovu, iliyokuwa ibomolewe baada ya likizo fupi ili kupisha maktaba. Nilipomwambia twende, alisema pale hakuna cha kuona. Siku nyingine akasema kuna nyigu. Nilikwenda mwenyewe mchana wa Jumamosi, sikuona nyigu, nikakwangua kwa wembe. Damu ya mzee, kijivu, kahawia, manjano, kijani, samawati. Chini ya samawati, chokaa nyeupe ya yule mkuu wa kwanza.

Nilifurahi, sitaficha. Nilifurahi kama mtu aliyemfumania mwenzake. Nikageuka, nikamkuta Mara Mbili amesimama nyuma yangu na ndoo yake, na furaha yote ikanitoka.

"Nilijua, Mwalimu," akasema. Mara moja tu. "Mwaka wangu wa tatu hapa nilikwangua nikaiona hiyo chokaa. Nikaipaka nikanyamaza."

"Kwa nini? Nani aliijenga?"

"Baba yangu."

Sikuelewa. Akaweka ndoo chini, akanisogeza nitazame ukuta wa kushoto kutoka kwenye kona. Ndipo nilipoona. Ukuta ulikuwa umelala kuelekea ndani, si sana, lakini ukishauona huwezi kuacha kuuona.

"Alikuwa kijana, ndiyo kazi yake ya kwanza kubwa," akasema. "Hakuwa na timazi, akapima kwa jicho. Siku ya kufungua, watu wakacheka. Wakampa jina, Timazi, kumkebehi. Nilikuwa na miaka minane, binti yangu. Nilipigana kila siku njiani kwa ajili ya jina hilo. Baadaye akanunua timazi, akajenga Jengo A, likanyooka, na waliokuja mjini baadaye wakadhani jina ni sifa. Nikawaacha wadhani. Sasa ukiandika stoo ndiyo ya kwanza, wageni wote watakuja kuutazama ukuta uliopinda wa baba yangu. Watacheka tena, na dada zangu wamekaa mbele."

Nilijiona mchokonozi niliyekwenda kufukua kaburi la mtu kwa wembe. Nikamwambia naweza kuandika kwamba haijulikani.

"Na mwezi ujao wanaibomoa," akasema, "na itakuwa haijulikani kweli."

Hakuonekana kufurahi. Akatoa ufunguo. Nadhani alitaka tu kuiaga. Tuliingia, tukaanza kusogeza madawati ili nione kama ukutani paliwahi kuwa na ubao wa kuandikia. Tulipovuta la mwisho kwenye ukuta ule uliolala, niliona sakafuni mchoro uliokwaruzwa kwa msumari: mstari mmoja mfupi, upana wa vidole vinne kutoka chini ya ukuta. Kando yake, safu ya tarakimu mbili mbili, ndogo, zimepangwa vizuri. Juu, karibu na dari, kulikuwa na msumari wenye kutu uliotokeza ukutani.

Ilikuwa ni miaka. Nilipiga magoti nikahesabu. Miaka ishirini na tisa, hakuna uliorukwa, kuanzia mwaka wa kwanza wa shule. Wa mwisho ulikuwa wa miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Mwaka mmoja kabla hajafa," akasema Mara Mbili.

Aliinama taratibu, akagusa mstari. Mtu alikuwa ametundika timazi kwenye msumari ule kila mwaka, akatazama ncha yake inagusa wapi, akaandika mwaka. Ncha ilikuwa imegusa palepale mara ishirini na tisa. Ukuta ulipinda siku ya kwanza, na haukusogea tena hata kidogo.

"Hapa walikaa watoto wa watu," nikasema. "Alikuwa anahakikisha hauwaangukii."

"Saba hii ni mwandiko wake," akasema, kidole juu ya tarakimu. "Saba yake ina kofia." Kisha akakaa kwenye dawati bovu. "Nilipoanza kazi hapa, baba alikuwa akija kila mwisho wa mwaka. Tunasalimiana, ananiomba ufunguo wa stoo, anasema anatafuta kipande cha ubao. Anatoka mikono mitupu. Miaka tisa, Mwalimu. Nilidhani anakuja kunitazama mimi."

Alilia bila kujificha, na mimi nikamsaidia.

Jumatatu tulikwenda ofisini wote wawili. Nilieleza habari ya chokaa. Mkuu alisikiliza, akasema mhandisi ataitwa, na maktaba inaweza kusogezwa upande wa pili. Kisha akachukua kalamu ili aandike maneno ya jiwe. Mara Mbili alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Andika jengo la kwanza," akasema. "Andika Mzee Timazi. Na uandike kwamba limepinda vidole vinne."

Mkuu akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, sherehe ni ya heri. Vidole vinne tuviandike vya nini?"

"Baba aliviandika mara ishirini na tisa, Mkuu," akasema Mara Mbili. "Aliyeona aibu nilikuwa mimi."