Safu ya Maelezo

Kuna Jumatano moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyofunga ndoa. Mke wangu analijua hilo na ameacha kulalamika.

Nimesikia umepata kazi kwenye kitengo cha takwimu. Hongera. Nami nilianzia huko, hapa Kamembe kando ya ziwa, katika shirika moja la afya, nikiwa na shahada iliyokuwa bado inanukia wino na cheo cha mchambuzi mkuu. Tulikuwa wachambuzi wawili. Mwenzangu naye alikuwa mkuu.

Kazi yangu ilikuwa kupokea fomu za kila mwezi kutoka kwa wahudumu wa afya wa vijijini na kuzigeuza kuwa grafu ambazo mkurugenzi angezielewa kwa kutupa jicho mara moja. Fomu ilikuwa na safu ya namba: wagonjwa waliosafirishwa hospitali. Pembeni yake palikuwa na safu ya maelezo, ambamo watu waliandika kama wanavyosema, Kiswahili cha Bukavu kikichanganyika na Kinyarwanda na Kifaransa. Sasa, grafu haichori maneno. Nikaifuta safu ile, kurasa zikatakata, mkurugenzi akanisifu mkutanoni. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji: tangu siku hiyo nilifuta kabla hata ya kusoma.

Kisiwa cha Nkombo kilikuwa na boti yetu moja ya injini, ya kuvushia wagonjwa. Miezi mitatu mfululizo Nkombo ikaleta sifuri. Nikaipaka sifuri hiyo rangi nyekundu na kuandika chini yake, kwa Kifaransa kizuri, kwamba mahitaji ni madogo. Boti ikahamishiwa sehemu nyingine ya ziwa.

Jumatano hiyo ndipo alipokuja Maman Sifa, mhudumu wetu wa Nkombo, mtu wa umri wa mama yangu. Alivuka pamoja na wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, akaja kuuliza boti iko wapi. Hakuja na hasira, ningependelea hasira. Nikamweleza, kwa ule upole wa mtu aliyesoma, kwamba uamuzi ulitokana na takwimu, nikamgeuzia skrini ajionee.

Akaisogelea, akaweka kidole kwenye ile rangi nyekundu.

"Papa, hapa njo sisi?"

"Ndiyo, Maman. Hiyo sifuri."

"Na maneno yangu iko wapi?"

Nikamwambia tuliyaondoa, kwa sababu za kiufundi.

"Sasa ile yote nilikuwaka naandika," akasema, "nilikuwa naandikia nani?"

Alipoondoka nilifungua kabati la fomu. Miezi yote mitatu, kwa mwandiko wake wa duara: *Hakuna esanse mu boti. Bagonjwa banabaki.* Sifuri yake ilikuwa ya kweli, hakuna aliyesafirishwa. Mimi niliisoma kwamba hakuna aliyeugua. Na petroli hiyo ni sisi tuliokuwa tumeacha kuipeleka.

Kuna jambo ambalo hakuniambia. Nililisikia baadaye kwa watu wa bandarini. Wiki ile ile, kabla hajaja kwangu, binti yake alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye mtumbwi wa kasia, na mtoto akafa kabla hawajafika ng'ambo.

Nilikwenda kwa mkurugenzi na fomu mkononi. Akazisoma, akahuzunika kwa dhati, kwani hakuwa mtu mbaya. Akasema tusubiri namba za mwezi unaofuata. Zikaja: sifuri. Zingekujaje nyingine, na boti haipo? Kila mwezi sifuri ilizaa sifuri, na kila moja ikawa ushahidi mpya kwamba nilikuwa sahihi. Boti haikurudi. Mimi nikapandishwa cheo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wajukuu sina bado. Majuto ninayo tele, na sikusimulii haya ili yapungue, maana nimeshajaribu, hayapungui.

Mwanangu, kabla hujafuta safu, isome yote, hata yenye mwandiko mbaya na lugha ambayo hukufundishwa chuoni. Ukikuta sifuri, usiipake rangi; vuka maji ukaulize ni sifuri ya kitu gani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na uliza mapema, kwa sababu kujua peke yake hakutoshi: mimi nilijua, lakini nilichelewa, na aliyechelewa huambiwa asubiri takwimu. Siwezi kukuahidi kwamba watakusikiliza. Siku utakayowaharibia grafu yao watakuona kikwazo. Waharibie.

Mungu akupe macho ya kuwaona walioachwa nje ya jedwali, na moyo usiozoea. Na kama ni lazima akunyime kitu katika kazi hiyo, akunyime sifa.